Habari Ambayo Haijathibitishwa

Nisikilize vizuri maana sirudii: hajazaliwa mwanamume wa kunitetemesha mkono nikiwa kazini. Nje ya kazi sijui, tutaongea. Lakini nikishakaa kwenye meza ya mitambo, hedifoni masikioni na bisibisi yangu nimeichomeka kwenye nywele, hata aje mwanamume mwenye sura ya malaika apige magoti mlangoni, nitamwambia asubiri kipindi kiishe.

Hayo nilimwambia Mama Dekio, mama yetu wa usafi, saa moja kasorobo asubuhi, naye anapiga deki chini ya kiti changu.

"Nyanyua miguu," akasema.

"Lakini umenisikia?"

"Nimekusikia. Nyanyua miguu, jasiri."

Redio yetu ni ya taifa, na ni ya maneno matupu. Haipigi muziki. Tangu alfajiri mpaka watu walale ni kuongea tu: habari, kilimo, afya, hadithi za watoto, barua za wasikilizaji, mahojiano, halafu habari tena. Redio za wenzetu fundi akisinzia anatupia wimbo, mambo yamekwisha. Kwetu hakuna pa kujificha. Ndiyo maana kwa fundi mitambo dhambi kubwa kuliko zote ni kimya. Na mimi, miaka mitatu na nusu, sikuwa nimewahi kurusha kimya hata cha kumezea mate.

Upande wa pili wa kioo alikuwa amekaa Bwana Taarifa.

Jengo zima linamwita hivyo kwa sababu ndiye msomaji wa habari wa asubuhi na mchana. Mimi namwita Taarifa tu, na tukiwa wawili namwita majina mengine ambayo hayakuhusu. Wewe huko kwako unaisikia sauti yake taa nyekundu ikishawaka, imeshanyooshwa na kupigwa pasi. Mimi namsikia kabla ya taa. Namsikia anavyomeza mate. Namsikia anavyovuta pumzi akiona mbele yake kuna neno gumu. Kuna mtu anapendwa kwa macho, kuna anayependwa kwa tabia. Mimi huyu aliniingia kwa hedifoni, miaka miwili sasa, na hajatoka.

Alisoma vizuri siku hiyo. "Na huo ndio mwisho wa taarifa ya habari." Nikamfunga maiki. Mkono wangu wa kulia ukawa njiani kwenda kuwasha kipindi cha wakulima, kilichokuwa kimesharekodiwa. Ndipo alipobonyeza simu ya ndani, ile ya kuongea na mimi tu, akasema bila kuninyanyulia macho:

"Baba ameshapeleka mshenga. Leo saa kumi na moja tunakwenda kwao binti kuposa. Nilitaka usikie kutoka kwangu."

Mkono ukabaki hewani.

Nilimtazama. Naye sasa akanitazama. Kioo kile kina unene wa vidole viwili lakini nilihisi kama hakipo. Alikuwa na macho ya mtu aliyevunja kikombe cha watu na bado ameshika mkono wa kikombe.

Ndoo ikapigwa teke nyuma yangu.

"Wewe!" Mama Dekio alifoka. "Mbona redio imekufa?"

Sekunde tisa. Wakulima wa taifa zima walisimama na majembe yao, wanatingisha redio.

*

Saa nne nilimwachia mwenzangu meza, nikamfuata Taarifa kwenye maktaba ya kanda. Ni chumba cha baridi, rafu mpaka darini, kanda za zamani zimepangwa kwa miaka. Nusu ya kanda zile ni sauti ya baba yake. Mzee yule alisoma habari miaka thelathini. Watu wazima wakimsikia wanakaa vizuri kwenye viti.

"Sekunde tisa," Taarifa akasema, akijaribu kutabasamu.

"Usinihesabie."

"Mimi sikuhesabu. Baba ndiye aliyehesabu. Amenipigia simu kabla sijatoka hata studio."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia ni hitilafu."

"Ahaa. Kwa hiyo mimi ndiyo hitilafu."

"Sikusema hivyo, bwana."

"Kwako mimi nimekuwa bwana tena? Miaka miwili 'nitamwambia, nitamwambia.' Unawasomea watu habari za mafuriko na matetemeko, sauti haitikisiki. Baba yako akisema 'mwanangu' tu, umelowa kama gazeti."

"Humjui baba."

"Namjua. Nimezisafisha kanda zake mia mbili na kitu. Namjua kuliko wewe."

Akapangusa vumbi kwenye kanda moja. Nikajilazimisha kutazama rafu.

"Na huyo binti ana kasoro gani?" nikauliza.

"Hana. Ni mwalimu, ana heshima, anacheka kwa adabu. Ni mtu mzuri kabisa."

"Basi muoe."

"Simtaki mtu mzuri. Nakutaka wewe."

"Hiyo ni sifa au tusi?"

"Chukua unayotaka." Akasogea. Harufu ya sabuni yake naijua hata gizani. "Baba anasema fundi si mke wa msomaji. Anasema mwanamke anayetambaa chini ya meza na waya mdomoni, nyumba yake itakuwa waya mtupu. Nimemjibu mara moja, akaacha kula siku mbili. Nifanye nini?"

Hapo wenzangu wengine wangelia, na machozi hayo yangefanya kazi. Mimi nilichomoa bisibisi kwenye nywele nikamnyooshea kifuani, pole pole, kama mwalimu na chaki.

"Sikiliza. Mimi sitamwomba baba yako. Sitatuma mjumbe, sitapika kitu nikampelekea, sitajifunza kucheka kwa adabu. Waya zangu ndizo zinazokufanya usikike. Kama unanitaka, sema. Na useme kwa sauti ile unayolipwa kuitumia, siyo hii ya kunong'onea rafu."

"Saa tisa anakuja hapa," akasema. "Kwenye kipindi cha Sauti za Jana. Amekubali baada ya kualikwa mara sita. Nimepangiwa kumhoji mimi."

"Na mitamboni nani?"

Akanitazama kwa huruma ya kweli.

"Wewe."

*

Mchana ule ulikuwa mrefu. Hadithi ya watoto ikapita, sungura akawadanganya wote waliotakiwa kudanganywa. Habari za saa saba zikapita. Barua za wasikilizaji zikapita. Mmoja alilalamika kwamba asubuhi redio yake ilikufa na amenunua betri mpya bure. Sikucheka.

Saa tisa kasoro robo mzee akaingia. Suti ya kijivu, viatu vinang'aa, fimbo anayoishika kama pambo. Nilikuwa mlangoni pa chumba cha mitambo. Mama Dekio alikuwa ndani anafuta kioo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wewe ndiye wa mitambo."

"Ndiye mimi."

"Wa zile sekunde tisa."

"Ndiye huyo huyo, baba. Hatuko wawili."

Akanipima kuanzia viatu mpaka bisibisi. Macho yakakaa kwenye bisibisi kidogo.

"Enzi zetu, binti, fundi alikuwa kama bomba la maji. Ukiliona, ujue limepasuka."

"Ni kweli, baba. Na likikatwa, msomaji anabaki anazisomea kuta."

Nyuma yangu kitambaa cha Mama Dekio kikasita kwenye kioo. Mzee akainua nyusi moja. Mwanawe anayo ile ile.

"Mama yake huyu kijana," akasema taratibu, "kila siku alikaa karibu na redio akanisikiliza. Miaka thelathini. Mtu anayefanya kazi yetu anahitaji nyumbani awe na mtu wa kumsikiliza. Nyinyi wote mkiwa huku, nani atamsikiliza mwanangu?"

"Mimi ndiye ninayemsikiliza, baba. Kwa masikio yote mawili. Na mimi namsikia mpaka anavyopumua, jambo ambalo kwenye redio ya nyumbani halisikiki."

Akageuza fimbo. Akaingia studio, mgongo umenyooka.

Tukaanza kupima sauti. "Moja, mbili, tatu," akasema, na nywele za mikono yangu zikasimama zenyewe bila kuniomba ruhusa. Sauti ilikuwa bado ipo yote. Halafu alipofika "nne" kikatoka kikohozi. Siyo kile cha kusafisha koo. Kilikuwa kikohozi cha kifua kilichochoka, kirefu, kinachomkunja mtu. Alipoinuka alikuwa ameshika meza, na kwa mara ya kwanza akanitazama moja kwa moja kupitia kioo. Nikaelewa kwa nini mara zote zile alikuwa akikataa kuja. Sisi tulisema ni maringo.

Simu ya ndani ikalia. Taarifa.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Usimwangushe. Tafadhali."

"Kwani mimi nani? Mimi bomba tu."

Kwenye meza yangu kila maiki ina kitufe chake. Ukikibonyeza maiki inalala, ukikiachia inaamka. Kazi ni kujua lini. Ukichelewa, nusu ya kikohozi imeshafika majumbani. Ukiwahi, umemkata mtu neno katikati. Kikohozi hakipigi hodi. Inabidi umtazame mabega. Ningeweza kuviacha vitufe vile, nikakunja mikono, na hakuna ambaye angenilaumu. Mgeni amekohoa, fundi afanyeje?

Nikasogeza kiti mbele. Nikasema moyoni: leo, mzee, utalijua bomba.

Taa ikawaka.

Dakika ya tatu bega lake la kushoto likapanda. Nikabonyeza. Akakohoa, hakuna aliyesikia; akaendelea, nikaachia. Dakika ya tano tena. Ya nane mara mbili mfululizo. Jasho lilinitoka mpaka kwenye nyusi. Midomo yangu ilikuwa inatembea, sikatai. Nilikuwa namtukana kimyakimya kila nikibonyeza, ili hasira isipoe.

Na mzee alikuwa mtamu, Mungu ananiona. Alisimulia jinsi siku yake ya kwanza alivyosoma taarifa ya jana yake, yote, mpaka hali ya hewa, na hakuna bosi wala msikilizaji aliyegundua. "Aliyenigundua ni mke wangu," akasema. "Niliporudi nyumbani akaniuliza: baba, mvua hii si ilishanyesha?"

Nilicheka. Nikajikanya.

Zilipobaki dakika nane, mzee akaegemea maiki kama mtu aliye sebuleni kwake.

"Na sasa, wasikilizaji, niwape habari ya moto. Huyu kijana anayenihoji ni damu yangu. Na jioni ya leo tunakwenda kumposea."

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Ningewahi "tunakwenda" nikaikata sauti hapo hapo, wasikilizaji wangedhani wanakwenda shambani. Sikubonyeza. Sikutaka kushinda kwa kidole. Niliacha neno lake lote litoke, lifike kila nyumba, kila duka, kila jikoni, halafu nikamtazama mwanamume wangu kupitia kioo nikasubiri kujua kama ninaye au sina.

Sekunde moja. Mbili. Tatu. Alizipanga upya karatasi zake, nilizisikia. Nne.

Kisha nikamsikia akivuta pumzi, ile ya neno gumu.

"Wasikilizaji," akasema, kwa sauti ile ile ya saa moja asubuhi, "hii ni redio ya taifa, na kanuni yetu mnaijua. Habari haitangazwi mpaka ithibitishwe. Habari aliyoitoa mgeni wetu haijathibitishwa na mhusika. Mhusika ni mimi, na ninaikanusha." Akageuza karatasi. "Tuendelee. Mzee, enzi zenu kanda mlizihifadhi vipi zisiingie ukungu?"

Hakunitazama. Angenitazama ningestahimili. Aliuliza habari ya ukungu, masikio yamemwiva, na mimi nikawa sioni vizuri mitambo yangu.

Mzee alifungua mdomo kujibu, hasira ikagongana na kifua. Hicho ndicho kilichokuwa kikohozi kikubwa kuliko vyote. Nikabonyeza, nikashikilia. Taarifa aliona, akaijaza nafasi. Akaeleza mwenyewe habari za ukungu, rafu, baridi ya chumba, maneno yanatiririka, mpaka bega la baba yake likashuka. Nikaachia. "Ni kama alivyosema," mzee akamalizia, laini kama siagi.

Safari hii, kati yetu watatu hatukutoa kimya hata cha nusu sekunde.

*

Taa ilipozima, midomo yao ikaanza kupigana nyuma ya kioo. Mtu mzuri angeizima simu ya ndani. Mtu mzuri tulishakubaliana ni yule mwalimu.

"Umenivua nguo mbele ya taifa," mzee alisema.

"Baba, wewe ndiye uliyeanza kutangaza."

"Watu wanatusubiri saa kumi na moja!"

"Nitakwenda mimi mwenyewe kuwaomba radhi, na nitamwomba radhi binti yao ana kwa ana. Hawakukosa kitu. Lakini posa siendi. Leo wala kesho."

"Hata nikikataa kula?"

Taarifa akamsogezea baba yake kiti. "Nitakuletea chakula, baba. Nitakaa hapo hapo mpaka ule. Lakini siendi."

Simu ya mezani kwangu ikalia. Mwanamke, sauti ya juu, anamtaka mzee. Anasema ni dada yake. Nikagonga kioo. Mzee akaja chumbani kwangu, akashika simu bila kunitazama, mwanawe nyuma yake mlangoni. Dada mtu alikuwa anapiga kelele hivi kwamba sote tulisikia.

"Kaka! Dawa gani hiyo uliyokunywa? Sisi huku tumekaa roho mkononi, nusu saa nzima hujakohoa hata mara moja! Hata moja! Ulikuwa kama zamani! Na huyo mtoto wako naye, nitamchapa, lakini kaka, sauti yako!"

Mzee akaiweka simu chini taratibu. Akakitazama kioo. Akaitazama meza, vitufe, kiti changu kilivyosogezwa mbele. Mwisho akanitazama mimi.

"Ulikuwa unafanya nini humu?"

"Kazi, baba."

"Kila mara?"

"Kila mara."

"Hata baada ya maneno niliyokwambia pale mlangoni."

"Hasa baada ya hayo."

Akaegemea fimbo, sasa kweli ameiegemea. "Kwa sababu ya huyu," akasema, akimwelekeza Taarifa kwa kidevu.

"Usinielewe vibaya." Nilisimama, kiuno nimekishika, maana sikutaka mtu yeyote anionee huruma wala anishukuru. "Sikukufanyia wewe, na huyu pia sikumfanyia. Niliifanyia redio. Hata angekaa pale mwizi wangu ningembonyezea. Na mwanao sijamwomba, baba, wala wewe sikuombi. Anayeoa ndiye anayeomba. Tena ukitaka ukweli, nusu saa nzima nilikuwa nakutukana."

"Mwongo," ikasema sauti nyuma yetu.

Mama Dekio alikuwa bado yupo pale kwenye kioo, kitambaa mkononi, mahali alipokuwa tangu saa tisa kasoro robo.

"Mama Dekio!"

"Mwongo mkubwa. Mzee, mimi nilikuwa hapa hapa, sijatoka hata kumwaga maji. Kila ukikohoa, huyu anabonyeza kidude chake, halafu anakwambia, 'Pole, baba mkwe.' Nimehesabu. Mara kumi na moja."

Mlangoni Taarifa akaziba mdomo kwa karatasi zake. Mzee akafungua wa kwake kusema kitu, labda neno, labda kicheko, sitajua kamwe, kwa sababu kabla hakijatoka bega la kushoto likapanda na kikohozi kikamwahi.

Wote watatu wakageuka kunitazama mdomo.